Meno Yamekuwa Meupe, Jino Lililozibwa Limegoma

Mpendwa Bi Safinaz,

Nisaidie upesi, maana Alhamisi naoa, mimi Fathi, fundi makochi wa hapa Iskandaria, mgane ambaye sikudhani nitapendwa tena mpaka Bi Nagwa alipoleta kochi lake, tukacheka naye wee, ila mimi nimefunika mdomo kwa sababu chai nzito na sigara zimeyatia meno yangu kutu, basi binti yangu Ingi akaninunulia dawa ya kung'arisha, nikapaka, na wallahi yameng'aa mpaka muuza samaki kaniuliza, "Bwana harusi, umeazima meno ya nani?" Lakini jino la mbele lililozibwa limebaki na rangi yake ileile, nikasema nitalikomesha, nikapaka na kupaka, sasa ulimi ukipita pale panakwaruza, chai inagandia, na nikipiga mswaki fizi inatoa damu. Ingi anafoka, "Baba, acha! Hiyo ni dawa, si rangi ya ukuta!" Nami natamani kupaka mara moja tu ya mwisho, Bi Nagwa asione. Nipake?

Bwana Fathi,

Mabruk, elfu mabruk! Barua yako imenichekesha, kisha nikamsomea Daktari Samiha wa meno, yeye hakucheka. Usipake! Kizibo si jino, hakitang'aa hata ukikipaka mpaka Idi. Dawa ikizidi yaweza kukikwaruza, na bakteria wa mdomoni hupenda pale penye mikwaruzo: wanajishikiza, mswaki hauwapati, fizi inavimba, na jino laweza kuoza kando ya kizibo. Si kila anayeng'arisha hupatwa na hayo, lakini wewe umevuka mpaka, mtu mzima na ndevu zako! Mtoto anakuonya, unaziba masikio?

Dawa hiyo mrudishie Ingi leo. Kesho asubuhi nenda kliniki, kizibo kikaguliwe na kulainishwa. Kukibadilisha kutangoja wiki mbili tatu, kwani jino lililotoka kung'arishwa halishiki gundi vizuri. Kwa hiyo jino hilo utaoa nalo. Na Bi Nagwa mwambie mwenyewe.

Wasomaji wangu, Bwana Fathi nilimpigia simu kumwambia haya kabla gazeti halijachapwa. Jioni akanirudia akipiga kelele za furaha: amemwambia! Bi Nagwa akachomoa jino lake la mbele, akalishika kiganjani, akamuuliza, "Na hili ulidhani nimezaliwa nalo, mpenzi?"

Basi Bwana Fathi, kliniki nendeni wawili.