Betri Ilikuwa Kwenye Buti

Nakwa,
Babati, Manyara.
9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Vicent,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Hamjambo huko Mpanda? Evangelina mkeo amepona kile kifua, na Allen ameanza shule? Huku mvua zimekatika na mahindi yanakauka vizuri mashambani. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Mimi si mzima. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na daktari ameacha kunidanganya. Naandika mistari michache, napumzika, naendelea. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, si pombe.

Barua hii usiisome mbele ya watoto.

Mwaka ule ulipopigwa uani kwangu, wezi wa betri walikuwa wametuandama Nakwa nzima. Kufuli la boneti ya gari langu lilikuwa limekufa. Mtu yeyote angeifungua kwa vidole. Nikafunga geti, nikaihamisha betri mwenyewe hadi kwenye buti, ambalo kufuli lake lilikuwa zima. Niliikaza kwa mkanda wa chuma, nikaweka fyuzi kubwa karibu nayo, nikapitisha waya mnene mwekundu chini ya zulia mpaka kwenye injini. Kazi safi, nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Sikumwambia mtu, hata marehemu mama yako mkubwa Kandida. Niliona siri nayo ni kufuli.

Kandida naye hakuniambia kwamba amekuita wewe fundi wetu kutoka Bonga uje uangalie kwa nini taa za gari zinafifia. Akaenda zake sokoni. Mimi nilikuwa nimelala mchana. Nilipoamka, niliona dirishani mgongo wa mwanamume aliyeinama kwenye injini. Sikuwa na miwani. Nikapiga kelele: "Mwizi!"

Ndiyo, Vicent. Sauti ya kwanza ilikuwa yangu.

Yaliyofuata mwili wako unayajua. Nitakueleza ambayo hukuweza kuyaona, maana uso wako ulikuwa umekandamizwa chini. Majirani waliruka ukuta. Mmoja alichungulia kwenye injini, akakuta mahali pa betri ni patupu, akaangua kicheko. "Fundi gani huyu anatengeneza gari lisilo na betri?" "Oya, umeificha wapi?" "Ameimeza huyo! Mpigeni tumbo aitapike!" Wakakupiga tumbo. Walikupiga kwa matofali na kwa mpini wa jembe langu, na aliyekutoboa jicho alitumia bisibisi yako mwenyewe. Ukaita, "Baba mkubwa!" Hapo nikakutambua. Nilikuwa nimesimama barazani, na funguo za buti zilikuwa mfukoni mwangu.

Kufungua buti kungemaliza yote. Sikufungua. Watu wangejua kwamba nimemwitia mtoto wa mdogo wangu kundi la watu, kwa ajili ya betri niliyoificha mimi. Mimi, mwalimu wao, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa! Nikajiambia watachoka. Hawakuchoka. Mmoja alikuja akiburuta tairi. Mwingine aliulizia petroli kama mtu anayeomba kiberiti jirani.

Mama Shadya wa dukani ndiye aliyepenya akakulalia. Naye walimpiga mgongoni. Akanifokea kutoka pale chini: "Mwalimu! Mdomo wako ni wa kanisani tu? Sema!"

Nikasema: "Mwacheni, mpelekeni polisi."

Kwa maneno hayo umenishukuru miaka yote hii, kwamba nilikuokoa. Mwanangu, maneno hayo ndiyo yaliyokupa jina la mwizi. Asiye na hatia hapelekwi polisi, anaombwa radhi. Kandida alipowaambia kwamba ndiye aliyekuita, walisema fundi naye huiba. Hata polisi walipokuachia kwa kukosa ushahidi, watu walisema mzee ana huruma, amemsamehe.

Kesho yake, Kandida akiwa wodini anakuosha damu, nilirudisha betri mbele. Ule waya niliuchomoa nikautumbukiza chooni. Nikasema nimenunua betri nyingine, na watu wakanipa pole.

Halafu uliniuliza kwa simu kuhusu waya mwekundu uliokuwa ukiufuata kwa mkono kabla hujapigwa. Nikakujibu kwamba kichwa kilichoumizwa huota mambo. Hukuota. Ungeachwa kidogo tu, mkono wako ungefika kwenye buti.

Jumapili iliyopita niliwaita majirani nikawasimulia kama ninavyokusimulia. Theodory, yule aliyeleta tairi, alikuwepo. Sasa ni baba wa watoto. Alinikaba shati mpaka vifungo vikaruka. "Mzee, ulituacha tuue mtoto wako mwenyewe huku unatuangalia?" Nikamwambia apige. Mama Shadya akamshika: "Mwache. Mkono wako ulishafanya kazi yake." Kisha akanigeukia. "Na wewe mwalimu, usitugeuze sisi mapadri. Mwenye jicho lake yuko Mpanda. Mwandikie yeye."

Ndiyo maana nakuandikia. Nilimpa Kandida nafasi ya kufa akiamini kuna mwizi mwingine aliyeiba betri. Wewe sikupi nafasi ya kunizika ukiamini nilikuwa mwokozi wako. Sikuombi msamaha, maana ombi la mtu anayekufa ni kama kumshika mtu koo.

Shamba la baba yako kule Singe halijaguswa na mtu, na ni lako. Najua hukurudi kulilima kwa sababu ya jina nililokupa. Jina hilo limekufa Jumapili. Njoo ulime. Kutoka stendi, pita njia ya mbele ya nyumba yangu, mchana, watu wakuone. Ukinikuta barazani, pita bila kunisalimia. Majirani watajua sababu.

Nisalimie Evangelina na Allen. Dada yako Skolastika anakusalimu. Naye nimemweleza, na tangu hapo chakula changu anakiweka mlangoni. Mungu awalinde wote, na alitunze jicho ulilobaki nalo.

Ni mimi baba yako mkubwa, niliyekupenda na nikanyamaza,
Melkiori