Dawa ya Mtaroni

Jumatano, 2 Machi 1994
Daktari amesema bila kunitazama: mguu ukatwe chini ya goti, tarehe 14. Mfupa umeoza na hakuna sindano inayousaidia. Sindano zote nimechomwa! Na vidonge vya kila rangi — siku hizi kila kona ya Moshi kuna duka la dawa, unauziwa hata viwili viwili, ukiwa na hela. Bakteria wamezoea. Yote haya kwa kuteleza na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nimerudishwa nyumbani Kibosho kusubiri. Kusubiri kukatwa!

Ijumaa, 4 Machi
Leodegar kaja na chupa. Mdogo wangu huyu alisoma Tbilisi enzi za Wasovieti, sasa yuko maabara ya mifugo mjini. Majuzi alichukua usaha wangu, nikadhani ana wazimu. Chupani, anasema, mna faji — virusi wanaokula bakteria tu, mtu hawamgusi. Kule wanatibia nao vidonda. Daktari amekubali shingo upande. Si mguu wa kukatwa hata hivyo? Mama ndiye atakayeloweka bandeji asubuhi na jioni. Chupa ikae penye baridi.

Jumanne, 8 Machi
Usaha umepungua. Harufu imekwisha — nimenusa mwenyewe! Nimelia kama mtoto.

Jumatano, 9 Machi
Chupa ya pili. Leodegar kafurahi hadi kaomba pombe ya mbege. Ndipo akatuambia alikowatoa hao faji: kwenye mtaro wa maji machafu, mjini. Penye bakteria wengi ndipo na wao walipo. Mimi nikacheka. Mama hakucheka.
Halafu akasema lingine, kwa sauti ya chini. Maabara imefungwa, wamepunguzwa kazi wote. Mageuzi ya uchumi, wanayaita. Hivyo hii ndiyo chupa ya mwisho. Amebakiza mbegu kidogo ya kuzalishia faji wengine, akipata pa kufanyia. Nikipona mimi, daktari atampa na wagonjwa wengine.

Jumamosi, 12 Machi
Usaha umerudi. Na homa. Asubuhi nilimtuma jirani anayeshuka sokoni akamwambie Leodegar: dawa imeshindwa.
Mchana nikamuuliza Mama kama chupa ilikaa juani. Akaudhika. Juani! Tena yeye tangu Jumatano anaichemsha kwanza, mpaka itokote, kama mabwana afya walivyotufundisha.
"Ningekupaka maji ya mtaroni mwanangu, mimi?"
Nimegeukia ukutani. Kawapika. Kawapika faji wote! Nilimchukia, naandika hivyo hivyo, nilimchukia mama yangu. Huyu aliyenibeba mgongoni hadi barabarani gari lilipokwama kwenye tope. Baadaye akaniletea uji, nikanywa.

Jumapili, 13 Machi
Mama alipokuwa misani nilikata shauri. Leodegar akifika namwambia. Mbegu ipo, daktari asogeze tarehe, tujaribu tena. Mama ataumia. Basi aumie, mguu ni wangu.
Amefika mchana, amelowa mvua. Hakuketi. Akafungua bandeji, akatazama, akafunga. Anasema alikosea. Labda faji hawakuwa wa aina inayokula bakteria wangu, labda walimu wake walijua jambo ambalo yeye hakulishika. Nikamwambia alete mbegu, tena upesi, nitamweleza.
"Nimeimwaga, dada. Jana, nilipopata habari yako. Sitaki kumpa mtu mwingine tumaini la uongo."
Habari yangu!
Mama akatoka jikoni na mtori, akamkuta analia. Akampapasa mgongo.
"Usijilaumu, baba. Dawa ilikuwa dhaifu tu. Wewe umejitahidi."
Leodegar akaitikia kwa kichwa. Ameamini. Mtu mzima, miaka sita darasani ugenini, anaamini hajui kitu.
Wako hapa kitandani pangu ninapoandika, wanakula bakuli moja. Nikisema, nampoteza Mama. Nikinyamaza, nampoteza huyu. Mguu umekwenda vyovyote vile. Nimefumbua mdomo, wote wawili wamenitazama. Mama anauliza kama nataka chumvi.