Makumbi Chini ya Dirisha Letu

Jumapili, 12 Januari
Siku ya tatu ya fungate. Chai na mkate wa kumimina, sahani moja, Khamis ananimegea. Mume wangu! Naandika neno hili nacheka peke yangu. Fungate ilikuwa iwe kwetu Jadida, ila nyumba inaezekwa upya, basi tupo kwao Gombani. Paka wangu nimekuja nao, Lulu na Zabibu. Nilimwambia kabla ya posa: ukinichukua mimi, umechukua watatu. Akakubali. Nani mwengine angekubali?

Jambo moja tu. Makumbi ya nazi yaliyobaki kwenye mapishi ya harusi yamerundikwa chini ya dirisha letu, yamelowa mvua. Leo kaingia tandu, mrefu kama kalamu hii. Zabibu akaanza kumchezea. Nilipiga kelele! Khamis kamuua kwa kiatu.

Jumatatu, 13 Januari
Nimemwomba mavyaa, mama yake Khamis, makumbi yahamishwe. Kwa adabu, mlangoni. "Yatakauka hapo hapo, mwanangu, kuni hizo. Paka ni wa kulala nje." Nikasema basi nitayaondoa mwenyewe. "Bi harusi hashiki ufagio, sembuse makumbi! Watu watasema tumeoa mtumishi." Na bwana harusi naye hatoki mpaka siku saba zitimie. Wifi Mwanaisha uani anacheka: "Umeolewa wewe, au wameolewa paka?"

Nimekasirika. Nafukizwa udi, naitwa malkia, na malkia hahamishiwi makumbi!

Nimeziba chini ya mlango kwa kanga. Kitanda tumekivuta mbali na ukuta. Dirisha nimefunga. Joto.

Jumanne, 14 Januari
Wifi kaleta dawa ya unga ya wadudu, aimwage ukutani. Nimekataa. Paka anakanyaga, kisha anajilamba miguu. Itamuua yeye kabla ya tandu. Kasema nina kiburi. Ninacho.

Jumatano, 15 Januari
Zabibu kaumwa. Nilifungua dirisha kidogo tu, karuka, katua juu ya makumbi. Mguu wa mbele umevimba kama limau. Analia sauti sijapata kuisikia. Nikauosha mguu kwa maji baridi. Khamis akampigia daktari wa mifugo: msimpe dawa yoyote ya binadamu, mleteni. Mavyaa: "Imebaki siku moja tu, mwanangu!" Khamis kavaa kanzu, kamtia Zabibu kikapuni, katoka. Mchana kweupe, bwana harusi na paka. Nampenda mpaka kalamu inashindwa.

Nami nikatoka. Nikavaa buti zake, nikachukua reki, nikayavuta makumbi yote mpaka nyuma ya banda la jiko. Tandu watatu. Nge mmoja, watoto mgongoni. Chini ya dirisha tunapolala! Majirani wakasimama kutazama. Wifi: "Aibu, bi harusi!" Aibu ni yule nge. Mavyaa alitazama tu.

Ijumaa, 17 Januari
Fungate imekwisha. Wageni wamekuja, wameondoka. Zabibu alipigwa sindano, bado anachechemea, lakini anakula. Sijamwomba mtu radhi.

Alasiri nilimkuta mavyaa kachuchumaa uani, anammiminia Zabibu supu ya samaki kwenye kifuu. Miiba kaitoa yote, kaiweka pembeni.

"Nani jina lake huyu?"

Nikamwambia. Akamsogezea kifuu. Nikakaa chini, karibu yake.