Fomu Inayouliza Upande wa Mama

Palma, Jumatano. Vumbi tangu asubuhi. Malori ya kokoto yanaelekea Afungi kwenye mradi wa gesi mfululizo, na mimi roho iko juu.

Fomu ya hospitali iko mezani, Kireno kitupu. Siku ya tatu leo naizungukazunguka kama nimeona nge.

Ni ya kaka yangu Saidi. Alikuwa dereva wa lori kama hayo, mpaka ukungu ulipomwingia katikati ya jicho la kulia, na wiki chache baadaye la kushoto. Hakuumwa hata kidogo. Sasa akinitazama anaona ncha za ushungi wangu, uso haupo. Mtaani wakasema kijicho hicho, kapata kazi ya gesi, kachezewa. Wakwe zake wakamchukua mke na watoto wawili, eti ugonjwa uko kwenye damu ya ukoo wetu.

Nami, astaghfirullah, nilishusha pumzi. Watoto si huwa wa ukoo wa baba? Basi wangu watakuwa wa ukoo wa Bakari, salama salimini. Posa yake tunaijibu Jumamosi.

Wiki iliyopita tukaenda mjini Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Daktari wa macho anashuku ugonjwa wa kurithi unaoua mshipa wa fahamu wa jicho. Unatoka kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu, na vinu hivyo mtoto huvipata kwa mama. Baba hampi. Damu ya Saidi itapelekwa nje ya nchi. Wanaweza kutafuta kasoro tatu zinazojulikana zaidi, au kusoma vinasaba vyote vya mitokondria, kazi ndefu zaidi. Alishauri tuanze na zile tatu. Mojawapo ikionekana kwa Saidi, yaelekea nami ninayo, na nitawapa wote nitakaowazaa. Si kila aliye nayo hupofuka, na wanaume ndio huugua zaidi. Nami ninaweza kupimwa, nikitaka.

Saidi akacheka, kisha akalia. "Basi wanangu wamepona!"

Nilimchukia. Kaka yangu haoni, na nilimchukia.

Fomu inataka majina ya upande wa mama. Sisi majina yetu ni ya baba tu: Mwanaisha wa Hamisi wa Abdala. Kwa baba nawataja mpaka wa sita. Kwa mama nakwama kwa bibi. Nikamuuliza mama mwenyewe. "Usiniandike mimi kwenye karatasi ya ugonjwa," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Leo baada ya alasiri mama akaja akaketi mkekani, sijamwuliza tena kitu.

"Andika Musa."

Mjomba Musa wa kisiwa cha Macaloe. Siku zote tuliambiwa alizama baharini. Kumbe alipofuka macho yote mawili akiwa kijana, akafungiwa ndani, na bibi akaficha ili mabinti zake waolewe. "Ningesema, baba yenu asingenioa," mama alisema. Halafu akanishika magoti. "Mwanangu, Bakari mwambie baada ya ndoa."

Nimeandika Musa.

Nikiri tu: nusu yangu inataka kumtii. Nampenda Bakari, nimemsubiri, na sijui atasema nini. Mama yake je? Nikisema, huenda Jumamosi asije mtu.

Lakini kuna jambo limenijia sasa hivi, nikikunja karatasi. Tulipokuwa wadogo, kila asubuhi wakati wa chai mama alitushika kidevu, akatuziba jicho moja, akainua vidole. Vingapi hivi? Vitatu, mama. Na hivi? Tulicheka mpaka tukamwaga uji. Tulidhani ni mchezo.

Alikuwa anatupima. Miaka yote ile, peke yake, na baba ameketi palepale anakunywa chai yake, hajui kitu.

Mimi sitaweza kuishi hivyo. Wallahi sitaweza.

Nampigia Bakari. Inaita.