Kiti cha Mfenesi wa Mama

Kisarawe,
12 Mei 2024

Mdogo wangu Badru,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti ya mama ndiyo hayo hayo unayoyajua. Wifi Faudhia na watoto hawajambo?

Usishangae kuletewa karatasi wakati simu tunazo. Ni amri ya mama. Anasema ya kwenye simu yakishasemwa yamekwisha, lakini barua yako nitaweza kumsomea hata mara tatu. Kwa hiyo andika vizuri, maana yote atayasikia.

Ule mfenesi wa nyuma ya jiko, alioupanda mama mwaka uliozaliwa wewe, umeangushwa na mvua hizi za masika. Ameulilia kama mtu. Nikamwita mwenye chensoo akaupasua mbao. Sasa mama anataka kitu kimoja tu: umtengenezee kiti cha kusalia, chenye mikono ya kushikilia anapoinuka. Kile cha plastiki kilimtawanyikia miguu katikati ya swala, akaanguka.

Nilimwambia mama kwamba Ponsiano, yule seremala wa hapa sokoni, anaweza kukimaliza wiki hii hii. Akaniuliza kama nimesahau kwamba amezaa fundi.

Dada yako,
Tatu

Picha ya Ndege, Kibaha,
19 Mei 2024

Dada Tatu,

Shikamoo, na shikamoo ya mama umfikishie kwa mkono. Mpe pole ya kuanguka. Sisi hatujambo. Wanangu wanauliza mafenesi watakula wapi sasa.

Kiti nitakitengeneza kwa furaha. Mfenesi ni mbao ya heshima: mchwa hawaupendi, na ile rangi yake ya njano huiva taratibu mpaka ikawa kama chai ya rangi. Lakini mti ulioanguka juzi umejaa maji. Nikiuunga sasa, ubao utasinyaa, ulimi wa mguu utaanza kucheza ndani ya tundu lake, na mama ataanguka tena, safari hii kwa kiti changu mimi.

Kwa hiyo mbao zikaushwe kwanza. Zipange upenuni, kivulini, kwa sababu jua kali litazipasua. Weka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Ncha zipake rangi ya mafuta, maji yasikimbilie huko. Kisha kata kipande kidogo, uwe unakipima kwenye mizani ya dukani. Uzito ukiacha kupungua, niite hata kama ni usiku. Huenda ikafika mwakani. Mama avumilie, hatajuta.

Mdogo wako,
Badru

Kisarawe,
8 Septemba 2024

Badru,

Salaam nyingi. Habari za huko na kazi? Huku tunamshukuru Mungu, ingawa mama amepungua sana, ukimwona utashtuka.

Tumefanya yote uliyoagiza. Castory mwenye duka amenizoea, nikiingia tu anaondoa mchele kwenye mizani kabla sijafungua mdomo, na wateja wananicheka kwamba nauziwa kuni kwa kilo. Kipande bado kinapungua, kidogo kidogo.

Kila nikirudi mama anauliza kama zimekauka. Nikimwambia bado, anageukia ukutani. Siku hizi anasalia kitandani. Amenituma maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Badru kikipinda nitakaa hivyo hivyo. Na mimi nimepinda." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Njoo ukitengeneze, mdogo wangu. Acha mizani.

Dada yako,
Tatu

Picha ya Ndege,
29 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Mniwie radhi kwa kuchelewa, nimebanwa na makabati ya jikoni ya mteja wa Mlandizi. Faudhia anawasalimu, na anamwombea mama afya kila siku.

Nimemsikia mama, na mimi nilicheka. Lakini fikiria, dada. Kila atakayekuja kumjulia hali atakiona kile kiti na atauliza nani kakitengeneza. Nauza viti mpaka Dar, halafu cha mama yangu mzazi kiwe na nyufa na mguu mmoja unaolegea? Siwezi. Nimempakilia kwenye basi kiti cha mninga, kikavu kabisa, chenye mikono. Akitumie hicho kwa sasa. Cha mfenesi atakipata kikiwa kitu cha kuachia wajukuu.

Mdogo wako,
Badru

Kisarawe,
30 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Natumaini mlifika salama baada ya matanga. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Simu zangu hupokei, na matanga yote hukunitazama usoni. Najua sababu. Wewe ulikuwa bado njiani mjomba Mwinyimadi aliponijia kuuliza viunza, mbao za kumfunikia mama kaburini. Mvua ilikuwa inanyesha, duka la mbao limefungwa, na mama amekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda. Nikamwonyesha zile za mfenesi upenuni. Msumeno ulipoanza kuzikata niliziba masikio.

Nimekiharibu kiti chako, nisamehe. Kile cha mninga mama alikishukuru sana, akakifanya cha wageni. Hakukikalia hata siku moja. Na mimi najuta, Badru. Ningemwita Ponsiano tangu ile Mei, mama angeukalia mti wake miezi yote hiyo. Niliogopa kukuudhi wewe, nikamnyima yeye.

Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Tatu

Picha ya Ndege,
17 Januari 2025

Dada Tatu,

Shikamoo. Tuko wazima wa mwili. Barua yako imekaa mezani tangu Desemba na kila nikishika kalamu naona haya.

Sikukukasirikia wewe. Nilifika makaburini moja kwa moja, nikashuka chini na mjomba kumpokea mama, sijui lolote. Tukamlaza, tukamlegeza vifundo vya sanda. Nikainua mikono, wakanipa ubao wa kwanza. Nikaiona ile njano.

Unajua nilifanya nini? Nilipitisha kidole gumba pale ulipokatwa, kama ninavyofanya karakanani kila siku, nikasikia unyevu. Nikawaza, huu bado, utapinda. Mama amelala miguuni pangu, na mimi nawaza ubao utapinda. Nilisimama nao mikononi mpaka mjomba akasema, "Weka, mjomba." Nikaweka. Wakanipa mwingine, nikaweka, mpaka tukamfunika. Ndiyo sababu sikuweza kukutazama.

Wewe huna kosa, na Ponsiano usimtaje tena. Mama alimtaka mwanawe, na mwanawe nilikuwa hapa nasubiri mbao zikauke. Kazi pekee niliyomfanyia kwa mti wake ni ile ya kaburini, na niliifanya kwa mbao mbichi. Zilimfaa, dada. Zingemfaa tangu Septemba.

Mdogo wako,
Badru