Binti Yangu Aliahidi Mikate, Mimi Nikaahidi Harusi

Dada Kendi mpendwa, nakuandikia nimechoka, nishauri kabla sijafanya jambo la hasira. Mimi ni mama Mkongo wa mtaa wa Seven Hills huku ughaibuni, nahudumia wazee, na shule zilipofungwa kwa korona binti yangu Gloire, wa miaka kumi na mitatu, alibaki chumbani na kompyuta mpaka akawa haongei, na zilipofunguliwa akakataa kurudi, hata chakula akawa hali, basi Miriam, Mkenya ninayefanya naye kazi, akanionyesha shule ndogo anakosoma mwanawe, haina kengele wala yunifomu, mtoto anachagua mwenyewe la kujifunza, na kwenye mkutano wao wa kila wiki mtoto wa miaka mitano ana kura moja na mwalimu ana kura moja. Nilicheka, lakini nikampeleka, na mtoto akaanza kuongea tena.

Sasa dada yangu Généreuse anamwoza binti yake, harusi iliyoahirishwa mara mbili kwa korona, na unatujua Wakongo, bibi harusi haingii ukumbini bila wasichana wa kumtangulia wakicheza, na mazoezi ni ya wiki nyingi, nikamwambia dada kwamba Gloire yumo, maana mtoto wangu ni wake, nani anauliza? Mazoezi yakaangukia Jumatano mchana, siku ambayo Gloire alijitolea kuwaokea mikate watoto wadogo wa shule. Alinung'unika, nikamwambia mikate inauzwa dukani, nikawa namchukua mapema, maana shule isiyo na ratiba nikaona hakuna anachokosa.

Kumbe watoto walikuwa wanakuta jiko limefungwa. Mkutano ukamwita Gloire, ukamtoa jikoni muhula mzima, naye hakujitetea. Nimeambiwa na Miriam. Nilipomuuliza mbona hukusema ni mimi, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mikate ilikuwa ahadi yake, na harusi ni ahadi yangu, nikacheze mimi. Sasa amerudia ukimya ule wa korona, nami naogopa. Nataka kumtoa kwenye shule hiyo inayofundisha watoto kujibu wazazi, nimpeleke kwenye nidhamu. Nimekosea wapi?

Mama Gloire

Mama Gloire, pole, hasa kwa miezi ile ya mtoto asiyeongea. Hofu yako naielewa. Lakini unatafuta nidhamu gani tena? Mtoto ameadhibiwa kwa kosa la mama yake, akafunga mdomo asikuaibishe mbele ya wenzake. Wako watu wazima wasioweza hilo.

Uliona shule haina kengele ukadhani haina masharti. Katika shule za namna hiyo halazimishwi mtu kuchukua kazi, ila akishaichukua ni yake, na akitaka kuiacha atafute wa kumpokea. Sote tunasema ahadi ni deni, kisha tunakwenda kukopa kwa jina la mtoto. Sikukatazi mila yenu. Hata kwetu Meru mtoto ni wa ukoo, lakini mtoto wa ukoo naye ana kinywa.

Sasa sikiliza. Leo hii mpigie Généreuse, mwambie ulitoa neno bila kumuuliza mwenyewe, na kwamba huenda Gloire asicheze. Atafoka, kisha atapoa. Wasichana wa kucheza wamejaa kuanzia hapo mtaani kwenu mpaka mtaa wa Minto. Halafu omba ruhusa kazini uende kwenye mkutano wa shule. Nyoosha mkono, subiri zamu yako, hata kama anayeongea ni mtoto wa miaka mitano na habari zake za baiskeli, kisha sema ni nani aliyekuwa akimtoa Gloire jikoni. Usiwaombe wafute adhabu. Ukishasema, kaa chini, waamue wenyewe.

Baada ya hapo muulize kama anataka kucheza harusini. Akikataa, amekataa, na wewe usinune. Akikubali, Généreuse ahamishe siku ya mazoezi.

Na hilo la kumhamisha shule, umelizungumza na mimi nisiyewahi hata kumwona. Gloire yuko chumba cha pili. Inuka ukamuulize.

Kendi