Mwisho Ambao Saidi Hausemi

Jumatatu, 3 Machi 1997. Magarama, Gitega.
Sambusa zimekwisha kabla ya filamu ya pili. Mafuta ya kupikia yamepanda tena, ya jenereta ndiyo usiseme. Mvua. Ukumbi wetu wa video umejaa hivyo hivyo, makoti yaliyolowa yananuka.

Saidi ameshika maikrofoni tangu saa nane. Mume wangu hajui Kihindi hata cha kuombea maji, lakini Gitega nzima inamwita mtafsiri. Anasimama kando ya televisheni, anaangalia midomo ya wale watu, anasema kinachomjia. Wanaume wazima wanalia. Fundi viatu jirani yetu hajampiga mkewe tena tangu ile filamu ya jambazi aliyetubu. Kijana mmoja wa Musinzira alivunja uchumba kwa ajili ya wimbo. Wimbo wenyewe Saidi aliutafsiri huku akitafuna sambusa yangu. Nikifikiria hayo naudhika.

Jumatano, 5 Machi.
Binamu yangu Zubeda amefika kutoka Muyinga, miguu imevimba. Kwetu Buhinyuza watu wanahama. Risasi zinasikika kila siku. Wengine wamevuka kwenda Tanzania, wengine wamekimbilia Muyinga mjini. Mama amebaki. Peke yake. Anakaa kwenye kigoda mlangoni, anamngoja Hamisi.

Hamisi, mdogo wangu. Alishushwa kwenye basi mwaka juzi pamoja na wengine. Mwili hatujauona, neno hatujalisikia.

Zubeda alimbembeleza mama mpaka akachoka. Mama akamjibu kwamba yule mama wa video naye aliambiwa ahame, akakataa, na mtoto wake akarudi.

Filamu hiyo naijua. Mama aliiona hapa hapa alipokuja kwa sikukuu ya Idi. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa nafasi benchi ya mbele.

Alhamisi, 6 Machi.
Nimegombana na Saidi mpaka majirani wakaingia kati.

Ile filamu nimeiona mara nyingi kuliko anavyodhani. Majambazi wanamchukua mtoto. Kijiji kinahama, mama anabaki mlangoni miaka na miaka. Mtoto anarudi, anamkuta amekufa. Shuka nyeupe, maua, halafu moto wa kuchomea maiti. Saidi huzima video kabla ya moto. Husema mama amelala tu, amechoka kwa furaha. Nimemuuliza kwa nini. Eti nusu ya watu mle ndani wana mtu aliyepotea, awaambieje?

Nimemwambia yeye ni mwongo wa kulipwa. Mama akifa, atakuwa amemuua kwa maikrofoni. Sijutii hata neno moja.

Jumamosi, 8 Machi. Muyinga.
Nimekuja kwa lori la chumvi, kupitia Karuzi. Vizuizi vya wanajeshi. Kila kimoja kitambulisho, kila kimoja maswali yale yale. Mjini shule zimejaa watu waliokimbia. Nimemtafuta mama kati yao, nikiomba Mungu Zubeda awe amekosea. Hayupo.

Jumapili, 9 Machi. Buhinyuza.
Nimemkuta. Amekonda. Ua umefagiwa safi kama siku ya harusi. Nyumba za jirani zimefungwa, moja imeng'olewa mabati.

Sikuwa na hamu ya salamu ndefu. Nilimwambia mwisho wa kweli wa filamu. Shuka, maua, moto, mtoto aliyechelewa. Nilisema kwa ukali. Nilitaka aumie, aondoke.

Akacheka.

"Ule mama alikufa, mi niliona. We unafikiri mi sina macho? Maiti ngapi mi nimeosha?"

Nikamuuliza sasa anangoja nini.

"Bwana yako alisema mtoto atarudi. Alisema vizuri. Huku hakuna mutu mwingine anasema hivyo."

Nimelia kwa hasira. Huzuni bado haijanifikia.

Jumatatu, 10 Machi.
Hahami. Anasema Hamisi akirudi akute mlango umefungwa, atadhani tumekufa wote, ataondoka asionekane tena. Halafu, kwangu atalala wapi? Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Wakati wa Idi alilala kwa shangazi, na nyumba ya shangazi sasa imejaa wakimbizi, hata jikoni wanalala watu.

Risasi zinalia ng'ambo ya bonde, yeye anafikiria heshima! Leo nimemchukia mama. Nimemwambia hivyo hivyo. Akanipa uji.

Jumatano, 12 Machi.
Saidi amekuja. Sikumwita. Baiskeli ya kukodi kutoka Muyinga, matope mpaka magotini. Nilimweleza yote kwenye njia, kabla hajafika uani.

Alisimama mbali, kama mkwe anavyotakiwa, macho chini.

"Mama, ni mi nilisema atarudi. Basi mi nitamungoja hapa. We nenda na mutoto wako Gitega. Nyumba iko, mi sitakuwa ndani."

Mama akaingia ndani kufunga nguo zake.

Nilimvuta Saidi pembeni, nikamwambia hii si filamu. Akasema anajua. Nilitaka kumshika mkono, lakini mama alikuwa anatutazama kutoka mlangoni. Sikumshika.

Ijumaa, 14 Machi. Magarama.
Tumefika. Mama amelala kitandani kwetu, mimi kwenye mkeka. Ukumbi umefungwa. Watu wanagonga, wanauliza mtafsiri yuko wapi, ile filamu ya mwisho iliishaje. Nawafukuza kama mbwa. Fundi viatu nimemtukana bila kosa.

Nilimtaka mama, nimempata. Nilipe nini zaidi?

Jumamosi, 29 Machi.
Mvua imekatika. Sambusa tunauzia barabarani sasa.

Asubuhi lori la chumvi limesimama mbele ya maduka. Dereva ni yule yule. Nilikwenda peke yangu, mama alikuwa jikoni. Amesema Buhinyuza hakufikiki tena. Nyumba za upande wetu zimeungua. Watu hakuona. Saidi hakumwona. Sikuuliza zaidi.

Nimerudi jikoni. Mama akauliza dereva amesema nini.

Nikamwambia Saidi anatusalimu, amepanda maharage nyuma ya nyumba.

Mama aliutazama uso wangu. Akasema alhamdulillahi. Akanisogezea unga, tukaendelea kukunja sambusa.